Waliokataliwa na Kisu

Kuna maradhi ambayo mwanamume huyataja barazani bila haya, na kuna mengine ambayo hata mkewe hayajui. Mgongo, malaria, shinikizo la damu: hayo ni mazungumzo ya kahawa. Lakini mzee anayeamka mara nne usiku kwenda msalani, akasimama humo kitambo kirefu, akatoa matone, kisha akarudi kitandani akijua kwamba baada ya saa moja atainuka tena, huyo aghalabu hamwambii mtu. Wahenga walikwisha kumsema: mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio chenyewe huja usiku ule mkojo unapogoma kabisa, tumbo la chini likakaza kama ngoma, na vijana wa jirani wakagongewa mlango watafute gari.

Nimejiuliza mara nyingi ukimya huu unatoka wapi. Sehemu yake ni aibu. Zamani kisonono kisichotibiwa kiliacha makovu yaliyobana njia ya mkojo, hivyo mzee aliyeshindwa kukojoa alidhaniwa kuwa anavuna alichopanda ujanani, na dhana hiyo bado haijafa. Sehemu ya pili, na naamini ndiyo kubwa, ni kisu. Wazee wetu wanajua kwamba dawa ya tezi ni kupasuliwa, na kwamba si kila aliyepasuliwa alirudi nyumbani. Kwa muda mrefu hofu hiyo ilikuwa na haki yake. Katika kusoma habari za jambo hili nimekutana na kitu kilichonishangaza: njia nyingi za kutibu tezi bila kufungua tumbo zilimlenga au zilimfaa kwanza mtu ambaye madaktari walimtazama wakatikisa vichwa. Mwili wake usingestahimili kisu, na bila kutibiwa asingeweza kuishi kama watu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Tezi dume, ambayo baadhi ya vitabu vyetu vya zamani viliiita tezi kibofu, imekaa chini ya kibofu cha mkojo, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo kama shanga ilivyouzunguka uzi. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya shahawa. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Umri ukisonga huanza kukua upya, na hapa hakuna mjanja: ukichunguza tezi kwa darubini, utakuta ukuaji huo kwa takriban nusu ya wanaume wenye miaka kati ya 51 na 60, na kwa kiasi cha 9 katika kila 10 waliopita miaka 80. Si wote wanaoumwa. Wala huku kukua si saratani. Saratani ya tezi ni ugonjwa mwingine, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Taabu inaanza pale shanga inapoubana uzi.

Dawa ya kwanza kabisa ilikuwa bomba. Katika magofu ya Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, wachimbaji walikuta mirija ya shaba iliyopindwa ili ifuate umbo la njia ya mkojo ya mwanamume. Hebu fikiri, msomaji, karibu miaka 2000 iliyopita mtu alikaa kwenye karakana akapinda shaba kwa ajili ya mzee aliyezibwa mkojo. Chuma kigumu kinaumiza, kwa hiyo watu hawakuacha kutafuta kitu laini zaidi. Mwaka 1752 Benjamin Franklin, yule yule wa radi na tiara, alibuni mrija wa fedha wenye viungo vinavyojipinda, akamtengenezesha sonara ili amtumie nduguye John aliyekuwa akiteswa na mawe ya kibofu. Katika karne ya 19 ukaja mpira wa Goodyear, uliokolezwa kwa salfa na moto hata ukawa laini bila kunata, na daktari Mfaransa Auguste Nélaton akautumia kutengeneza mrija wa mkojo. Mwisho, katika miaka ya 1930, Mmarekani Frederic Foley akaongeza kiputo kinachojazwa maji ndani ya kibofu ili mrija usichomoke. Huo ndio tunaouita mpira, na mtu akisema kwetu kwamba mzee fulani kawekewa mpira, hahitaji kueleza zaidi.

Bomba hutoa mkojo tu. Kizuizi chenyewe hukiacha pale pale. Madaktari waliotaka kukiondoa kwa kupitia njia ile ile ya mkojo walikuwa na shida moja kubwa: giza. Ambroise Paré wa Ufaransa alijaribu katika karne ya 16 kukwangua kwa vyuma vyenye makali. Mwaka 1874 Mwitaliano Enrico Bottini aliingiza chombo chenye ncha iliyopashwa moto kwa umeme, akaunguza alichoweza kukifikia. Wote hawa walifanya kazi kama mtu anayelima shamba usiku bila taa. Wengine walikatwa pasipostahili, wengine walivuja damu, na wengi walikufa kwa usaha ulioingia mwilini.

Kwa sababu hiyo kisu cha tumboni kilipokuja kilipokewa kama ukombozi. Eugene Fuller wa New York alitoa tezi kwa kupasua tumbo la chini na kupitia kibofu mwaka 1894, lakini aliyeifanya kazi hiyo ijulikane duniani ni Peter Freyer, mzaliwa wa Galway huko Ayalandi, aliyekuwa ametumikia miaka mingi katika utabibu wa serikali ya Kiingereza India. Alianza mjini London mwaka 1900. Alipasua, akaingiza kidole, akaikwanyua tezi kutoka kwenye ganda lake kama mtu anayemenya chungwa. Kufikia 1912 alitoa taarifa ya wagonjwa 1000, na waliokufa walikuwa kama 5 na nusu katika kila 100. Hesabu hiyo leo inatisha. Wakati ule ilikuwa sifa kubwa, maana hapakuwa na dawa za kuua vijidudu wala benki ya damu.

Sitaki kuipita njia nyingine ya miaka ile, ingawa nadhani wengi wangependa isahaulike. J. William White wa Philadelphia aliona kwamba tezi hunywea mwanamume akihasiwa, hivyo akapendekeza kuhasi kuwe tiba. Mwaka 1895 alikusanya taarifa za wazee 111 waliofanyiwa hivyo. Tezi nyingi zilipungua kweli, lakini 18 katika kila 100 walikufa, na waliobaki hai hawakuwa na la kufurahia. Wazo lenyewe halikuwa upumbavu: homoni za kiume ndizo zinazoilisha tezi. Ilichukua karibu miaka 100 kulitumia bila kumharibu mtu.

Sasa basi, ni nani aliyekuwa hawezi kuingia katika wale 1000 wa Freyer? Mwenye moyo uliochoka, mwenye kisukari, mwenye figo zilizoharibika kwa mkojo wa muda mrefu. Mfano wake unaojulikana zaidi ni mtu wa ajabu kidogo, James Buchanan Brady. Alizaliwa New York mwaka 1856, akatajirika kwa kuuza vifaa vya reli, akapenda almasi kiasi kwamba watu walimpa jina la Diamond Jim. Ulaji wake umetungiwa hekaya nyingi, nazo sitazirudia hapa kwa kuwa nyingine hazimeziki. Lililo hakika ni kwamba alipozidiwa na tezi tayari alikuwa mnene, mwenye kisukari na moyo mbovu, na madaktari wa New York na Boston walikataa kumpasua. Fedha alikuwa nazo, lakini mwili wa kupeleka mezani hakuwa nao.

Mwaka 1912 alifika Baltimore, hospitali ya Johns Hopkins, kwa Hugh Hampton Young. Tangu 1909 Young alikuwa na chombo alichokibuni mwenyewe: bomba la chuma lenye dirisha karibu na ncha. Liliingizwa kwa njia ya mkojo mpaka nyama iliyoziba ikadondokea dirishani, halafu bomba la pili lenye makali likasukumwa ndani na kuikata kipande. Ganzi ya pale pale ilitosha. Nusukaputi, ambayo moyo wa Brady usingeistahimili, haikuhitajika. Brady akapona, akakojoa kama watu, akarudi kwenye karamu zake. Kwa shukrani alitoa fedha za kujenga taasisi nzima ya magonjwa ya njia ya mkojo hapo Johns Hopkins. Ilifunguliwa mwaka 1915 na ina jina lake hadi leo. Yeye alifariki 1917, akiwa na miaka 60. Alipata miaka mitano zaidi kwa njia ambayo isingetafutwa kama kila mzee angekuwa na kifua cha kuhimili kisu.

Hata hivyo chombo cha Young kilikata na kuacha damu itiririke, na bado kilikwenda kwa kukisia. Taa ilikuwa inakuja polepole, tena kutoka kwa watu waliochekwa. Huko Frankfurt mwaka 1806 Philipp Bozzini alitengeneza kisanduku chenye mshumaa na kioo cha kurudisha mwanga ili achungulie ndani ya miili ya watu. Wakubwa wa utabibu wa Vienna walikiona ni kichezeo. Mwaka 1877 Maximilian Nitze aliingiza mwanga wenyewe ndani ya kibofu: waya wa platinamu uliopashwa hata ukang'aa, huku maji yakipita kuupoza usimuunguze mgonjwa. Miaka kumi baadaye akauacha waya na kutumia taa ndogo ya aina ya Edison. Kwa mara ya kwanza daktari aliona anakoelekea.

Baada ya mwanga ulihitajika moto unaowaka majini. Edwin Beer wa New York alionyesha mwaka 1910 kwamba umeme wa mapigo ya kasi sana unaweza kuunguza uvimbe ndani ya kibofu kilichojaa maji. Maximilian Stern, naye wa New York, mwaka 1926 aliunganisha vitu hivyo viwili: darubini ya kuonea na kitanzi cha waya chenye umeme, kinachokata nyama kipande kwa kipande na kuziba mishipa ya damu papo hapo. Joseph McCarthy akakiboresha mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kazi ile ya kunyofoa tezi kwa ndani bila kovu lolote la nje ikawa ndiyo kipimo cha nyingine zote kwa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1950 na 1960 Harold Hopkins, mtaalamu wa fizikia wa Uingereza, aliombwa na daktari wa Liverpool amsaidie kupata picha nzuri ya kibofu. Alibadilisha mpangilio wa lenzi, akaweka fimbo za kioo mahali palipokuwa na hewa, na mwanga ukazidi maradufu na maradufu tena.

Nayo njia hii ilikuwa na mtego wake. Maji yanayosafisha mahali pa kukatia huingia kwenye mishipa ya damu iliyofunguliwa. C. D. Creevy wa Minnesota alionyesha mwaka 1947 kwamba maji matupu yakiingia hupasua chembe za damu na kuua. Maji ya chumvi yangekuwa salama kwa damu, lakini hupitisha umeme na kitanzi hakikati. Wakatumia maji yenye glaisini, na bado chumvi ya damu ya mgonjwa ilishuka kazi ikichukua muda mrefu, hivyo daktari alikata huku akitazama saa, asizidi kama saa moja. Vitanzi vya aina mpya vinavyofanya kazi ndani ya maji ya chumvi vilienea baada ya mwaka 2000.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu ilikuwa nyingine. Mashine hiyo inataka umeme usiokatika, maji safi kwa ndoo na ndoo, vitanzi vya kubadilisha, na mkono uliofundishwa muda mrefu. Upasuaji wa Freyer, na ule wa Terence Millin wa mwaka 1945 ambao haukati kibofu, unataka daktari shupavu na vyombo vya kawaida. Ndiyo maana tumbo liliendelea kufunguliwa katika hospitali zetu nyingi wakati kwingine lilikuwa limekuwa nadra, na sioni sababu ya kulidharau jambo hilo. Kwa tezi kubwa sana matokeo yake ni mazuri. Tatizo ni yule asiyeweza kufunguliwa. Mjomba wangu mmoja alikuwa hivyo. Moyo wake ulipimwa, wakaambiana pembeni, akarudishwa nyumbani na mpira. Nilipomwamkia asubuhi, "Shikamoo, mjomba, umeamkaje?" alijibu, "Marahaba, mjomba. Tumeamka wawili," akauinua mfuko wa mkojo kidogo ubavuni mwa kiti. Alikuwa mtu wa kwenda msikitini swala zote tano. Aliacha kwenda, akihofia harufu na macho ya watu, ingawa shehe alimhakikishia kwamba mgonjwa ana ruhusa zake. Kilichomnyong'onyeza zaidi ya tezi kilikuwa kukosa safu yake msikitini.

Zikaja dawa, na kwa wengi zikaondoa haja ya kisu chochote. Mwaka 1976 Marco Caine wa Jerusalem na wenzake walionyesha kwamba nyama ya tezi ina misuli inayojikaza, na kwamba dawa za kuilegeza hufungua njia. Aina bora za dawa hizo zilienea katika miaka ya 1990. Nyingine ilitokana na kijiji cha Jamhuri ya Dominika, ambako mwaka 1974 wanasayansi walieleza habari za watoto waliozaliwa wakidhaniwa wasichana, wakabaleghe kuwa wanaume, na tezi zao zikabaki ndogo maisha yote kwa kukosa kimeng'enya kimoja. Mwaka 1992 Marekani iliruhusu dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho, finasteride. Hapo ndoto ya White ikatimia bila kumhasi mtu. Nasi tulikuwa na mchango wetu: magome ya mti wa milimani ambao Wakikuyu huuita muiri, na wataalamu Prunus africana. Mfaransa Jacques Debat alichukua hataza ya dawa yake mwaka 1966, na miti ikabanduliwa Kameruni, Madagaska na Kenya kwa maelfu ya magunia hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya masharti ya mkataba wa kimataifa. Wazee wa Ulaya walikunywa msitu wetu, na nguvu ya dawa hiyo, kwa ushahidi uliopo, ni ya wastani tu.

Dawa zikishindwa, leo kuna kundi zima la njia zinazofanyika bila kisu kikubwa, na mgonjwa mara nyingi hulala kwake siku hiyo hiyo. Si zote zilizodumu. Kiputo cha kuipanua njia kilishangiliwa miaka ya 1980 kikaachwa. Joto la maikrowevu na lile la sindano ziliruhusiwa Marekani mwaka 1996, nazo zimefifia. Zilizo hai ni hizi: nyuzi ndogo zenye vishikizo, zilizotumika kwanza kwa watu Australia mwaka 2005, ambazo huvuta pande mbili za tezi kama pazia la dirisha, mvuke wa maji unaopulizwa ndani ya tezi kwa sekunde 9 kila mahali, ulioruhusiwa Marekani 2015, na ndege ya maji yenye nguvu inayoongozwa na kompyuta, ya 2017, ambayo bado hutaka nusukaputi au ganzi ya mgongo. Leza ya holmiamu, aliyoiendeleza Peter Gilling huko New Zealand katika miaka ya 1990, hukwanyua tezi nzima, hata kubwa, kama kidole cha Freyer lakini kwa kupitia ndani.

Kila moja ina bei yake, na namsihi mgonjwa aulize kabla hajalala mezani. Kitanzi cha umeme huacha zaidi ya nusu ya wanaume shahawa zao zikirudi kibofuni badala ya kutoka. Nyuzi na mvuke kwa kawaida haziligusi jambo hilo, na kwa mwanamume wa miaka 55 aliyeoa tena hilo si dogo. Kwa upande wa pili, njia nyepesi hurudiwa. Katika utafiti uliofuatia wagonjwa wa nyuzi kwa miaka mitano, kama 14 katika kila 100 walihitaji kutibiwa tena; kwa mvuke walikuwa 4 au 5. Na nyuzi hazifai kwa tezi kubwa mno.

Njia inayonigusa zaidi ni ile isiyopitia mkojoni kabisa. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walitoa habari za mzee aliyekuwa akivuja damu kutoka kwenye tezi. Waliingiza mrija mwembamba katika mshipa wa damu, wakaufikisha kwenye vijishipa vinavyoilisha tezi, wakaviziba kwa chembe ndogo. Damu ikakoma, na tezi ikapungua. Mwaka 2008 Francisco Carnevale wa São Paulo aliifanya kwa makusudi, kwa wagonjwa wawili waliokuwa wamezibwa mkojo na kuwekewa mpira, na wote wawili waliondolewa mpira. João Pisco wa Lisbon akafuata kwa mamia ya wagonjwa. Hufanyika kwa ganzi ya mahali padogo pa paja au mkono. Mwenye moyo dhaifu anaweza kufanyiwa, na hata anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda hafungiwi mlango.

Lakini inataka chumba cha eksirei ya mishipa, mirija myembamba ya bei, na daktari aliyezoea kusoma mishipa ambayo kwa kila mtu imepita kwa namna yake. Vyumba hivyo katika nchi zetu ni vichache na viko kwenye miji mikubwa. Brady aliyekataliwa New York alipanda treni hadi Baltimore, naye alikuwa muuzaji wa vifaa vya reli. Mzee wa kijijini aliyekataliwa na kisu kwa sababu ya moyo bado hupewa mpira wa Foley na tarehe ya kuubadilisha baada ya wiki chache, na nauli ya kwenda na kurudi kliniki hutoka katika mfuko wake.